Redio ya Gari Lingine

Diski ilitoka ikiwa na umande.

Deepa aliipokea kutoka mkononi mwa baba yake, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha la gari. Matone madogo yalikuwa yametanda upande unaong'aa, kana kwamba mtu ameipumulia kwa karibu sana. Akajiambia ni baridi ya Loresho, maana Julai hiyo ukungu ulikuwa hauinuki hadi saa nne. Akaifuta kwa mtandio wake na kuirudisha kwenye jalada. Hakujiuliza ni vipi mashine inayochemka ukiigusa inaweza kutoa kitu chenye umande. Mtu akiwa na furaha hajiulizi mengi, na Deepa alikuwa na wiki mbili za furaha, za kwanza tangu Novemba.

Novemba ndipo baba yake, Pranlal, aliyeuza vitambaa Biashara Street kwa miaka arobaini na tatu, alipopigwa na kiharusi akiwa garini, mkono ukiwa bado kwenye usukani. Aliamka hospitalini hana mkono wa kulia na hana neno. Daktari alisema mwaka wa kwanza ndio wenye matumaini. Yule asiyesema ndani ya mwaka huo, mara nyingi hasemi tena. Basi ikawa kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lazima apelekwe kliniki ya mazoezi karibu na Adams Arcade, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mzee alipoliona gari alilia, akang'ang'ania mlango wa nyumba kwa mkono wake mmoja mzima. Wakifika amechoka, hafundishiki. Miezi ilikuwa inakwenda.

Kitu kimoja tu kilimtuliza. Marehemu mkewe, Vidya, alikuwa akiimba bhajan, nyimbo za ibada za kwao, jioni sebuleni, na mwaka mmoja kabla ya kufa kwake Deepa alimrekodi. Zilikuwa diski kumi na moja, kila moja imeandikwa kwa mkono wa Vidya mwenyewe, kwa Kigujarati cha herufi kubwa kubwa. Ukimpa Pranlal simu yenye nyimbo zilezile, aliitazama kama kipande cha sabuni. Lakini akishika diski, akauona mwandiko, akaisukuma mwenyewe kwenye mashine ya sebuleni na sauti ikatoka, midomo yake ilianza kucheza.

"Huo ndio mlango wake," alisema Debra, dada wa mazoezi pale kliniki. "Kama angekuwa anaskia hizo nyimbo kwa gari, angefika hapa akiwa ameamka. Kazi ingekuwa rahisi."

Shida ilikuwa gari lenyewe. Lilikuja kutoka Japani likiwa limetumika, na redio yake ilikuwa bado inasalimia watu kwa Kijapani kila asubuhi, ikishika stesheni mbili na nusu, na mdomo wake wa diski ulikuwa umeziba kabla halijapanda meli. Deepa alikaa chini na Lazarus, dereva wao, wakatafuta njia isiyoumiza. Kwanza walinunua kichezeo kidogo cha diski na kile kidude kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, kinachorusha sauti hadi kwenye redio. Kilifanya kazi mpaka Kangemi. Hapo akaingia mhubiri wa stesheni ya jirani, akamfunika Vidya na Mungu wake, na mzee akaanza kupiga kioo. Kisha wakajaribu spika ya betri mapajani. Kila shimo la barabara lilimkata mama katikati ya neno. Redio mpya ya diski ilikuwepo, kwenye duka moja Kirinyaga Road, ila Deepa alipotajiwa bei alikumbuka bili za hospitali, akasema atafikiria.

"Madam, mpya ni ya nini?" Lazarus alisema. "Hizo vitu ziko ex-Japan, safi kabisa, nusu bei. Wacha mimi nikutafutie. Wewe usijisumbue."

Naye alimwacha. Kwa nini asimwache? Lazarus alikuwa nao miaka kumi na sita. Ndiye aliyembeba Pranlal mgongoni ngazi za hospitali lifti ilipogoma. Deepa alimwamini kuliko kaka yake mwenyewe aliyehamia Uingereza na kubaki sauti ya Jumapili kwenye simu. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wanatafuta methali ya kupamba kanga.

Mwezi Juni Lazarus alirudi na mashine iliyofungwa kwenye gazeti, ikafungwa garini na fundi wake wa Kirinyaga Road aitwaye Muli, na asubuhi iliyofuata Pranlal aliketi kiti cha mbele, akasukuma diski ya kwanza, na Vidya akajaza gari. Mzee hakulia. Wiki ya pili, pale kliniki, alikunja midomo na kutoa sauti iliyofanana na "Vi." Deepa alitoka nje akalia kwenye maegesho bila kuona haya.

Ndipo ulipokuja umande. Baada ya umande ikaja harufu, ya petroli na udongo uliolowa, nayo ilikaa upande wa kushoto mbele, pale alipoketi mzee, na haikutoka hata madirisha yakiwa wazi. Gari lilikaguliwa, hakuna kilichovuja. Kisha Deepa, akiwa kiti cha nyuma, alianza kusikia chini ya wimbo wa mama yake mtu anapumua. Pumzi za shida, zenye maji ndani yake.

"Lazarus, unasikia?"

"Naskia nini, Madam?"

"Mtu anapumua."

"Ni hii barabara," alisema Lazarus, macho mbele. Lakini masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

Siku hiyo jioni Deepa aliichukua diski ile akaiweka kwenye mashine ya sebuleni. Mama yake hakuwemo. Diski nzima, dakika arobaini na sita, ilikuwa imeliwa, zikabaki pumzi tu, moja baada ya nyingine, na kila moja fupi kuliko iliyotangulia. Pranlal, aliyeketi na mwandiko wa mkewe mkononi, alimtazama binti yake kama mtoto aliyenyang'anywa chakula. Deepa akajaribu ya pili, akajaribu ya tatu na ya nne. Kila iliyoingia kwenye redio ya gari ilikuwa imekwisha. Zilibaki saba ambazo hazijaguswa.

Alimwambia Lazarus redio isiguswe tena. Ijumaa wakaenda kliniki kimya, mzee akilia njia nzima, na Deepa akilia naye kimoyomoyo. Walipofika Adams Arcade Lazarus alisimamisha gari, akazima, akachomoa ufunguo, akashuka kwenda kutoa kiti cha magurudumu nyuma.

Ilikuwa saa tano mchana, watu wamejaa, mama mmoja anauza ndizi hatua tatu kutoka kwenye mlango wa gari. Redio iliwaka. Haikuwa na diski wala gari halikuwa na ufunguo, lakini taa yake ya kijani iliwaka na zile pumzi zikajaa ndani ya gari, kubwa kuliko zilivyowahi kuwa, na mkanda wa kiti cha mzee, uliokuwa umelala kifuani mwake kwa amani, ukaanza kujivuta, polepole, kama mtu anayekaza kamba ya mzigo, ukampita shati, ukamzama mbavuni, na Deepa akajitupa mbele kati ya viti akabonyeza kitufe cha mkanda mara tano, mara kumi, kitufe kikibonyea na mkanda usitoke, huku baba yake akigeuka rangi na harufu ya petroli ikimwingia yeye mwenyewe kooni, na katikati ya zile pumzi, kwa sauti ya mwanamume kijana, karibu na sikio lake kuliko alivyokuwa baba yake, ikasemwa taratibu: "Nifungue."

"Lazarus! Lete kitu cha kukata!"

Lazarus alikuwa amesimama nje, mkono kwenye mlango uliofunguka. Hakusogea. Alikuwa anautazama ule mkanda tu, na mdomo wake ulikuwa wazi. Aliyekuja mbio ni mlinzi wa duka la dawa, na kisu cha mama wa ndizi, akaukata.

Jumamosi Deepa alikwenda mwenyewe hadi Kirinyaga Road. Alimkuta Muli kwenye kibanda chake, kati ya milango ya magari na taa zisizo na wenyewe, anakunywa chai. Alipotaja ile redio, Muli aliweka kikombe chini.

"Madam, mimi sikukuuzia hiyo kitu. Wacha tuelewane hapo kwanza."

"Lazarus alisema ametoa kwako."

"Alikuja nayo. Iko kwa gazeti. Mimi nilifunga tu." Muli alishusha sauti. "Na nilimuuliza, boss, hii imetoka wapi? Sababu redio ikitoka ex-Japan inakuja na plagi yake, imechomolewa vizuri. Hii waya zilikuwa zimekatwa na kisu. Haraka haraka, hivi. Na kwa mdomo ya diski kulikuwa na mchanga."

"Itoe basi. Leo. Uitupe."

"Siigusi." Muli alitikisa kichwa. "Tangu nifunge hiyo redio sijalala poa. Hiyo iko na mtu, Madam. Ukiitupa, umetupa mtu, na atarudi kwa yule alikuwa amekaa na yeye. Mwenye mtu akuje achukue mtu wake."

Kutoka mjini hadi Loresho Deepa aliendesha bila kuona njia. Haikumuuma sana kwamba kuna jini, au mzimu, au bhoot kama bibi yake alivyokuwa akiita. Kilichomuuma ni miaka kumi na sita. Alimkuta Lazarus nyuma ya nyumba akiosha ndoo ambayo tayari ilikuwa safi.

"Redio ni ya nani?"

Lazarus aliendelea kusugua. Kisha akaacha. "Ya ndugu yangu, Madam. Wesonga. Yule mdogo, alikuwa na gari ya teksi. Ndiye alipata ajali Machi, kule Bypass."

"Uliniambia ex-Japan."

"Ilitoka Japan kweli. Yeye mwenyewe aliinunua ex-Japan." Aliona uso wake, akainamisha kichwa. "Mimi ndiye nilipigiwa simu, nilifika kwanza. Unajua watu wa hapa, Madam. Gari ikianguka, kabla polisi wafike wameng'oa mpaka viatu ya mtu. Nikasema heri nitoe mimi, ibaki kwa familia."

"Kwa familia," alisema Deepa. "Halafu ukaniuzia mimi. Ukamweka baba yangu mbele ya redio ya maiti, na ukaona anavyokabwa, na ukanyamaza."

"Nilikuwa naogopa."

"Alikuwa ameshakufa? Wakati unatoa?"

"Alikuwa ameshaenda, Madam. Mungu ananiona."

Mama yao aliitwa Peres, nao walikuwa watu wa Bungoma. Lazarus alimpigia simu mbele ya Deepa, maana Deepa alikataa kuondoka, na Jumapili saa tatu asubuhi mama mzee mwembamba mwenye kitambaa cheupe cha kanisa alishuka getini Loresho, mkoba begani na tawi la majani mabichi mkononi, limefungwa kwenye karatasi iliyolowa. Alikuwa amelikata kwenye ua wa nyumba ya Wesonga.

Waliketi verandani. Pranlal alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, kwenye jua, blanketi magotini. Peres alimpa mkono wa heshima kwanza, kisha akazungumza na Deepa.

"Kwetu, mwanangu, mtu akifa barabarani hatumwachi pale. Tunaenda, tunamwita jina, tunamwambia twende nyumbani, na yeye anafuata tawi la kwao. Tunamwachia kiti kimoja kwa gari, hakuna mtu anakalia. Machi tulienda pale Bypass. Nikaita mpaka sauti ikaisha. Tukarudi na kiti, tukazika mwili." Alitazama tawi. "Lakini hakuwa kwa hicho kiti. Mama anajua. Kila siku namwota amekaa, hawezi kusimama. Kumbe tulienda kumtafuta kwa barabara na yeye alikuwa amebebwa na redio."

Hapo akamgeukia Lazarus. "Uliniambia wezi ndio walichukua."

Lazarus akainuka, akaenda kusimama kwenye nguzo ya veranda.

Peres alitoa masharti. Milango yote minne ya gari ifunguliwe. Kiti cha mbele kibaki kitupu. Ataita mara tatu, na mtu yeyote aliye hai asiitikie, hata kwa kukohoa, kwa sababu aliyeitwa hufuata mdomo unaofunguka. Deepa alimtazama baba yake na karibu atabasamu kwa uchungu. Kwa huyo angalau hawakuwa na wasiwasi.

Peres akasimama mbele ya gari, tawi limeinuliwa, na kwa sauti ile ya kumwita mtoto aliye mbali shambani akaita, "Wesonga, mwanangu. Twende nyumbani." Redio ikawaka taa ya kijani. Akaita mara ya pili, na zile pumzi zikaanza, na harufu ya petroli na udongo ikatoka kwenye milango minne, ikapita juu ya nyasi, ikawapanda wote hadi puani, na ndege waliokuwa kwenye ua wa maua wakanyamaza kwa pamoja. Lazarus alikuwa ameshika nguzo ya veranda kwa mikono miwili. Akaita mara ya tatu, sauti ikipasuka katikati ya jina, na redio ikazimika, pumzi zikakatika, na kimya kikaingia, kimya kirefu ambacho Deepa alihesabu ndani yake mapigo ya moyo wake mpaka akapoteza hesabu, akidhani yamekwisha, akidhani wameshapona.

"Niko hapa, Mama."

Ilitoka nyuma yake. Deepa aligeuka, na kwa pigo moja la moyo furaha ilimpasua kifua, kwa sababu ni baba yake aliyesema, midomo ya baba yake ndiyo iliyocheza, baada ya miezi minane. Kisha akaisikia vizuri. Pranlal, katika maisha yake yote ya Nairobi, hakuwahi kuwa na Kiswahili zaidi ya cha dukani, cha "veve nataka mita ngapi." Hii ilikuwa sauti ya kijana, yenye ladha ya Bungoma.

"Nimechoka kukaa, Mama."

Peres alikuja taratibu hadi kwenye ngazi za veranda. "Wesonga, baba. Ni wewe?"

"Ni mimi. Nilikuwa hai, Mama. Laza alipofika nilikuwa hai. Gari imelala na ubavu, mkanda umeninyonga. Nikamwambia, nikatie mkanda. Alikuwa na kisu kwa mkono." Kichwa cha Pranlal kiligeuka polepole, kikamtafuta Lazarus hadi kikampata. "Akakata waya za redio kwanza."

Lazarus aliteleza kwenye nguzo mpaka akaketi chini.

"Watu walikuwa wanakuja," alisema. "Niliwaona wanashuka ule mteremko. Nilisema dakika mbili. Dakika mbili tu, halafu nikutoe. Mama, nilirudi kumtoa. Nilirudi."

Peres alikuwa bado ameshika tawi. Deepa alimwendea, akamshika mkono.

"Mama, maliza. Amekusikia, ameitika. Mchukue aende."

"Nikimchukua atafika nyumbani," alisema Peres, kana kwamba anajisemea. "Na aliyefika na neno kama hilo halali. Atalisema kwa wafu wa kwetu, na watalipiza. Huyu hataona mavuno." Hakumtazama Lazarus aliposema hivyo. "Nilizaa wanaume wawili."

"Baba yangu yuko humo ndani!"

"Najua, mwanangu."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na siku ile Peres alikuwa na wana wawili wanaomvuta, mmoja kwa kila mkono, na mikono miwili haikutosha. Alivunja tawi katikati. Akaziweka zile nusu mbili kwenye ngazi, miguuni pa Pranlal, kwa adabu kubwa.

"Mama," ilisema ile sauti. "Mama, unaenda wapi?"

"Laza," alisema Peres. "Niletee mfuko wangu."

Deepa aliwafuata hadi getini. Alimshika yule mama kitambaa, akamshika bega, akamwambia maneno ambayo baadaye hakuyakumbuka. Peres alisimama, akamtoa mkono taratibu, kidole kimoja kimoja, na machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Mtoto kumzika baba ni njia ya Mungu," alisema. "Mimi nimeshaenda kinyume mara moja. Sitaweza mara ya pili. Unilaani, mwanangu, uko na haki."

Wakatoka, yeye mbele, Lazarus nyuma yake amebeba mkoba, na hakugeuka, hata yeye, baada ya miaka kumi na sita.

Kutoka verandani sauti ya kijana ilikuwa inamwita mama yake, ikaita mpaka hatua zao zikaisha barabarani, kisha ikawa kilio. Deepa alirudi mbio. Mdomo wa baba yake ulikuwa wazi, unalia kilio kisicho chake, lakini macho yalikuwa ya Pranlal, ya muuza vitambaa wa Biashara Street, yamemtumbulia yeye, na mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa unakwaruza kifuani, unavuta, unatafuta. Deepa akapiga magoti, akaondoa blanketi, akapapasa kifua kile chote kwa mikono miwili, akitafuta pa kumfungulia.